Sahihi Kwenye Kaburi la Mama

Asubuhi ya kwanza Elinipendo alidhani mwanawe amekojoa kitandani, akajiandaa kumkaripia, maana mtoto wa miaka tisa hategemewi kufanya hivyo. Lakini godoro lilikuwa kavu. Kilicholowa ni gauni la kulalia, tena si lote, ni kifuani tu: alama ya maji yenye pembe nne, kingo zake zimenyooka kama zilizopigwa kwa rula. Elinipendo akatazama juu. Bati lilikuwa jipya, halijamaliza hata mwezi, na mvua iliyokuwa ikipiga nje haikuwa na pa kupenya.

"Umefanya nini, Eliona?"

"Sijafanya kitu, mama. Nimeota nanyeshewa."

Akambadilisha nguo, akampa uji, akamtuma shule. Ilikuwa Oktoba 1997, ule mwaka wa mvua za El Niño, na Marangu nzima ilinuka udongo mbichi.

Sasa, hilo bati jipya lina habari yake, na ni habari ya aibu.

Ebenezeri, mume wa Elinipendo, alikuwa na kaka mmoja tu, Yohana, mpiga gitaa. Yohana alipokuwa hai, akizunguka na gitaa lake kwenye baa za Dar es Salaam, hakuna tajiri aliyewahi kumnunulia hata chai. Kanda zake watu walirekodiana bure. Alipougua ikatangazwa achangiwe dawa, na mchango ukafika akiwa ameshakufa, ukatosha kusafirishia jeneza. Hapo ndipo alipoanza kupendwa! Kila mwenye kitambi pale Moshi mjini akawa rafiki yake wa utotoni. Na kama haitoshi, wakaanza kununua sahihi zake. Risiti ya bia aliyoisaini Yohana iliuzwa laki mbili. Jalada la kanda lenye sahihi, laki nne. Shati alilosaini mgongoni lilikwenda kwa laki sita, likanunuliwa na mtu ambaye hata mkono mmoja hauingii. Watu wazima, wana wake na wajukuu, wananyang'anyana mwandiko wa mtu waliyemwacha afe kwa kukosa sindano. Ukiwauliza ni kwa nini, wanakwambia wewe huelewi. Ni kweli, mimi sielewi.

Aliyewazidi wote ni Bwana Denis. Huyu ni mzaliwa wa Uru, alitajirika serikali iliporuhusu watu binafsi kununua kahawa, na ile senti aliyomnyima mkulima kwenye mizani ndiyo aliyoitoa kwa tabasamu kununua makaratasi. Huyu ndiye aliyegundua kwamba sahihi kubwa kuliko zote za Yohana haiko kwenye karatasi. Ilikuwa kwenye kihamba cha Ebenezeri, shamba la urithi la nyumbani, katikati ya migomba, juu ya kaburi la mama yao. Yohana alilijengea kaburi hilo mwaka 1993, na zege likiwa bichi akaandika kwa kidole "Mwanao Yohana", kisha akapiga sahihi yake yenye mikia mirefu.

"Milioni moja na nusu," alisema Denis siku aliyokuja, gari lake limezibia watu njia.

"Lakini hilo ni kaburi, Bwana Denis. Ni la mama."

"Mimi sinunui kaburi, kaka. Nanunua kipande tu, sentimita hamsini kwa hamsini. Mama yako abaki na lililobaki."

Ebenezeri maisha yake yote aliitwa "mdogo wake Yohana", hata na mchungaji. Labda ndiyo maana hakuumia sana kuipokea ile pesa. Fundi wa Denis akaja na mashine ya kukatia zege, akatoa kipande chenye pembe nne, pale pale juu ya kifua cha marehemu, wakakivingirisha kwenye blanketi na kuondoka nacho. Tundu likafunikwa kwa mbao na majani ya migomba. Pesa ikanunua bati la nyumba na mtamba wa maziwa. Basi mwana akapata paa, na mama akapoteza la kwake.

Mvua zilipokolea, ugonjwa wa mtoto nao ukakolea. Kila iliponyesha kifua cha Eliona kililowa, pembe nne zile zile, hata akivishwa sweta mbili. Kikaja kikohozi. Ikaja harufu ya saruji iliyomwagiwa maji, ikakaa chumbani na haikutoka hata madirisha yakiachwa wazi. Ukaja na mlio, tone, halafu kimya, halafu tone, na mlio huo haukutoka darini. Elinipendo aliuwinda nyumba nzima akiwa na beseni mkononi, mpaka alipoinama kumfunika mwanawe akatambua kwamba unatoka ndani ya kifua cha mtoto.

Hospitali walimpiga picha, wakakuta maji, wakayatoa. Siku ya pili yakajaa upya. Jirani aliyewahi kufanya kazi Tanga akasema hilo ni jini, tena jini maji, linataka ubani na udi. Wazee wa kanisa wakaja kukemea pepo, wakanywa chai, wakaondoka. Ebenezeri aliwasindikiza wote, akawashukuru wote, na kwa wote hakusema neno hata moja juu ya kaburi.

Halafu ikaja ile alasiri ya Novemba. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni mpaka migomba ya karibu haikuonekana, Ebenezeri na mkewe wameketi kila mmoja upande wake wa kitanda, na mtoto, ambaye Kichagga chake kilikuwa cha kuokoteza kama cha watoto wote wa siku hizi, akafumbua macho, akageuza shingo polepole kumwelekea baba yake, akaanza kuongea Kichagga cha zamani, kizito, cha bibi aliyezeeka kwa kuchota maji mferejini, sauti ikikwaruza na kukatika kila baada ya maneno mawili matatu kwa sababu mdomo ulikuwa unajaa maji ya rangi ya udongo yaliyotiririka shavuni hadi kwenye mto, na alichouliza, akikirudia bila hasira, ni kwamba yeye alimzaa nani, na nani amemfunua, na kwa nini anamwachia mvua imwingie kifuani wakati anajua kifua chake hakikuwa kizima hata alipokuwa hai.

"Baba Eliona," Elinipendo akanong'ona. "Hiyo ni sauti ya nani?"

Ebenezeri alishika ukingo wa kitanda. Alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta.

"Nakuuliza, ni ya nani?"

"Ya mama."

Ndipo wakamwita Shangazi Salvina, dada wa baba yake Ebenezeri, ambaye ndiye aliyebaki wa kusema mambo ya ukoo. Bibi huyu hakupoteza muda na salamu. Alienda kwenye kaburi, akaondoa mbao, akatazama, akarudi na matope hadi magotini.

"Mtoto huyu nani alimpa jina?"

"Ni la bibi yake, shangazi. Binti wa kwanza anachukua jina la mama wa baba. Ni desturi."

"Kumbe desturi unaijua! Basi mnaitana Eliona, na Eliona yuko kule chini analowa. Mvua ikimfikia yeye inamfikia na huyu. Masika hayajaanza hata, Ebenezeri. Huyu mtoto hatafika masika."

Elinipendo alimtazama mumewe kwa namna ambayo hajamtazama tangu waoane. Alimdharau kabisa, na hakuficha.

Shangazi akakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga fundo. Isale ni jani la kuombea msamaha. Mchagga akiletewa isale anasamehe, hata kama ameuliwa ndugu. Kulikataa ni kujitafutia laana mwenyewe. "Denis ni wa Uru," alisema. "Kalelewa anajua. Mpelekeeni, arudishe kipande."

Walimkuta sebuleni kwake Moshi mjini, ametundika zege la watu ukutani kama picha ya harusi, na taa yake peke yake. Kando yake kulikuwa na ile risiti ya bia, kwenye fremu ya dhahabu. Ebenezeri akapiga goti, akanyoosha isale kwa mikono miwili, akaeleza kila kitu.

Denis alisikiliza vizuri sana, hata akapunguza sauti ya televisheni.

"Pole, kaka. Pole, mama. Lakini mjue bei imepanda. Kuna Mzungu wa Nairobi amenipa milioni nne nikakataa. Wewe nitakupa kwa hizo hizo nne, kwa sababu ya mtoto."

"Hatuna nne, Bwana Denis. Tuna ng'ombe mmoja na bati."

"Mtoto anakufa," alisema Elinipendo. "Na umeletewa isale."

Denis akalichukua jani, akaligeuza huku na huku, akalirudisha. "Hili lingekuwa limeshikwa na Yohana," alisema, "ningelinunua."

Alisema hivyo bila utani. Elinipendo akatema mate kwenye zulia lake, wakatoka.

Wakajaribu kuziba wenyewe. Fundi Remigius, jirani yao, alikoroga zege zuri la kokoto, akalijaza tundu na kulipiga kwa mwiko. Siku tatu likabaki uji. Wakatandaza turubai mara mbili. Mtoto akaendelea kulowa. Ebenezeri akaleta wazo la kuchinja mbuzi, na shangazi yake akamuuliza kama mbuzi huyo ndiye aliyeuza kaburi.

"Hataki saruji na hataki nyama," alisema. "Anataka kufunikwa na mtu wa tumbo lake. Yohana amekufa. Umebaki wewe."

"Kumfunika kwa kitu gani?"

"Kwa kifua chako."

Unadhani alikimbia kwenda kulala pale? Hata! Alizunguka siku mbili, akienda kumtazama mtamba, akirudi, akisema tungoje labda mvua ikatike. Mvua haikukatika. Siku ya tatu Eliona alianza kukoroma kama mtu anayezama, kucha zikawa bluu, na Elinipendo akamshika mumewe kola, akamburuta kwenye matope kupita migomba yote. Ebenezeri alivua shati, akalala kifudifudi juu ya tundu. Nadhani alitegemea ni jambo la saa moja, kama ibada.

Ndani ya nyumba mtoto akakohoa maji, akapumua, akaomba mtori.

Elinipendo alilia kwa furaha. Akakimbia kumwambia mumewe, na mumewe akainua kifua kidogo kumsikiliza, na kutoka chumbani wakasikia mtoto anakabwa tena. Akashuka upesi.

Akalala pale usiku huo na siku iliyofuata na nyingine, mkewe amemfunga turubai juu, anamlisha mtori kwa kijiko, anamfuta uso, na dharau yote aliyokuwa nayo moyoni ikawa inamtoka bila yeye kutaka, kwa sababu mwanamume huyu aliyeuza mama yake kwa bati sasa alikuwa anatetemeka kwa baridi ya mlima na hainuki, na kila alipomuuliza kama anaweza kuendelea alijibu kwa kuuliza kama mtoto amekula.

Jioni ya siku ya tatu akamwita mkewe asogee karibu.

"Mama Eliona, usipige kelele," alinong'ona. "Kuna mkono."

"Wapi?"

"Umetoka chini. Umenizunguka shingoni. Umenishika kama anavyoshikwa mtoto mchanga." Akalaza shavu chini. "Ananiuliza alikwenda kwa shilingi ngapi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amecheka."

Alfajiri alikuwa amekufa. Wanaume wanne walijaribu kumwinua wakashindwa. Kifua chake kilikuwa kimeshikana na kaburi, kijivu na kigumu, na Remigius alipogusa kwa tindo mara moja tu akatupa vifaa vyake na kukataa kuendelea. Ikabidi wamjengee hapo hapo, mwana juu ya mama. Safari hii zege lilishika ndani ya saa moja. Walipoamka kesho yake kulikuwa na kiganja katikati yake, vidole vitano, si cha mtu aliyebonyeza kutoka juu. Kilikuwa kimevimba kutoka ndani.

Eliona alipona. Alirudi shule Januari, mnene kuliko alivyokuwa.

Mvua zilipopumzika mwezi Februari gari likasimama njiani, likazibia watu kama kawaida yake. Denis alishuka na koti lake, akatoa rambirambi kwenye bahasha, akaomba kuonyeshwa kaburi. Mbele ya kile kiganja alichuchumaa muda mrefu bila kupepesa macho.

"Hiki hakuna mtu duniani anacho," alisema hatimaye. "Mama Eliona, taja wewe mwenyewe. Milioni kumi? Kumi na tano? Sitabishana."

Elinipendo alikuwa anakatia ng'ombe majani. Akaweka panga chini.

"Sitaki pesa," alisema. "Bei ni ile ile aliyolipa baba Eliona. Vua koti, Bwana Denis. Ulale hapo."

Alidhani atacheka, au atakasirika, au atakimbilia gari lake. Denis alikitazama kiganja, akamtazama yeye, akakirudia kiganja.

"Kwa muda gani?" akauliza, na tayari alikuwa anafungua kifungo cha kwanza.