Sauti Iliyomnyima Sumayiya Maji

Maimunah huuza maandazi Namuwongo, mtaa wa Kampala, karibu na reli. Wiki ya mafuriko hakupika. Bintiye Sumayiya, wa miaka minne, alikuwa anaharisha maji matupu tangu alfajiri.

"Mama, maji."

"Hapana, mwanangu. Vumilia."

Maimunah hakuwa mkatili. Aliogopa. Kwenye kundi la WhatsApp la chama chao cha mazishi, Mzee Sulaimani alikuwa ametuma sauti: "Kipindupindu kimeingia. Mgonjwa asipewe maji. Akinywa, anaharisha zaidi." Mzee huyo, askari mstaafu, ndiye hutangaza misiba kwenye kundi. Nani angembishia?

Saa nne, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Alilia bila machozi, kisha akanyamaza. Maimunah akapiga kelele.

Docus, jirani yake, ni mhudumu wa afya wa mtaa. Alikuja mbio. Akafinya ngozi ya tumbo la mtoto. Ngozi haikurudi haraka.

"Amekunywa nini?"

"Hakuna. Mzee Sulaimani amekataza."

"Mzee ni daktari tangu lini? Banange, jamani, mtoto anakauka!"

"Nikimpa, akafa mikononi mwangu?"

Docus akafungua simu. "Huu ni ukurasa wa idara ya afya ya jiji. Wanataka tuwatumie uvumi tunaousikia. Sauti ya mzee wenu ilifika hadi kwangu. Jana niliwatumia. Sikiliza jibu."

Daktari alisema kwenye video: "Ujumbe huo si kweli. Mgonjwa arudishiwe maji anayopoteza. Mpeni kidogo kidogo mkielekea hospitali. Msisubiri."

"Mbona sikuiona?"

"Wewe unasikiliza watu wa mazishi tu, Mama Sumayiya. Lete maji yaliyochemshwa!"

Docus alipima lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akavichanganya. Wakapanda boda. Njia nzima Maimunah alimnywesha mtoto. Hospitalini mtoto akatundikiwa dripu.

"Mngechelewa kidogo tu..." muuguzi alisema.

Siku ya tatu Sumayiya aliomba uji. Mzee Sulaimani alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi.

"Nimetuma sauti nyingine, binti yangu. Na ile video."

"Umesema wagonjwa wapewe maji?"

"Nimesema nilikosea. Halafu nikasema maji."

Wiki hiyo watu wawili wa chama waliugua. Ndugu zao waliwapeleka hospitali mapema, wakiwanywesha njiani. Wote wawili wamerudi nyumbani.