Aliyetajwa kwa Utani

Siku ya gulio stesheni ya Morogoro ilifurika watu, na katikati yao Fransisko, Mnyamwezi wa reli, kofia ya kazi imekaa upande, aliinama akachukua ndizi mbili kwenye ungo wa msichana asiyemjua, akamenya, akala. Msichana hakushtuka. Aliuliza kwao ni wapi, na aliposikia ni Tabora akajua amepata mtani, na mtani hadaiwi.

"Nyinyi Waluguru," Fransisko akasema huku akitafuna, "hata kuku wenu hulala wameshikilia mlima wasiporomoke."

"Na nyinyi Wanyamwezi mnazaliwa na mzigo kichwani," msichana, Theresia, akajibu. "Nawahurumia mama zenu."

Kaniki yake mpya ilikuwa bado inanuka rangi, na rozari ilining'inia kifuani. Fransisko alimpenda pale pale, tusimfichie. Naye Theresia akaanza kumtengea ndizi mbili kila gulio, na safari ya kushuka kutoka kwao, juu ya Mlali, haikumchosha tena. Siku aliyomwita mpenzi kwa mara ya kwanza alifuatisha tusi la utani upesi, kuficha aibu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Asubuhi moja askari waliingia stesheni kutafuta wapagazi. Theresia alikuwa amekuja na kaka yake Paulo, aliyembebea viazi. Askari mmoja akasimama mbele ya Fransisko, akampima kwa macho kuanzia mabegani hadi miguuni. Fransisko akacheka kwa sauti.

"Mimi wa nini? Mchukueni huyu mtani wangu Mluguru. Anapanda mlima kama mbuzi."

Watu wakacheka, hata Paulo. Lakini askari yule alikuwa mgeni, hakujua utani wa nchi hii. Alimshika Paulo, akamfunga kamba moja na wengine. Vicheko vikakatika. Fransisko angeweza kusema neno, na hakusema.

Theresia alilia wiki nzima, ila hakumlaumu. Kwao aliwaambia wote kwamba ulikuwa utani tu, bahati mbaya. Kila alipomtetea, Fransisko aliumia zaidi. Kanisani alikaa nyuma kabisa, komunyo hakupokea. Mwishowe alimwita nyuma ya ghala la reli.

"Theresia, haukuwa utani. Askari alikuwa ananitazama mimi. Nilimtaja Paulo ili niachwe."

Theresia alijitwika ungo wake, akapanda mlima. Magulio mengi yakapita asishuke.

Baada ya masika wauza mboga walileta habari kwamba Paulo amerudi, anatembelea fimbo, vidole vya mguu vimeliwa na funza. Fransisko akaomba ruhusa kazini, akapanda. Alikusudia kuungama, apigwe, aondoke.

Alimkuta Mama Magdalena, mama yao Theresia na Paulo, uani, anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa ule."

Alijaribu kueleza. Mama akamnawisha mikono, akamwekea ugali na maharage. Paulo akajikokota, akakaa, akatia mkono katika bakuli lile lile.

"Niliuona uso wako siku ile," akasema. "Njia nzima nilikulaani, mpaka nikachoka. Kula."

Fransisko alitamani kipigo, kipigo angekielewa. Padri alihubiri neema Jumapili nyingi na yeye akisinzia. Leo ilikuwa mbele yake, maharage na chumvi.

Theresia akatoka jikoni na jembe, macho mekundu.

"Utani hauna cha kusamehe," akasema. "Kwa hiyo siku zile sikukusamehe kitu. Ulichofanya kweli ndicho ninachokusamehe leo, na bado kinaniuma."

"Sistahili, Theresia."

"Najua, mpenzi. Ungestahili, ningekuwa ninakulipa tu."

Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwanamume anayeoa huonyeshwa pa kulima. Theresia akamwambia wajomba wamekubali, kipande cha Fransisko kiko kando ya chake mwenyewe, na aliyekwenda kuwaomba, akitembelea fimbo yake, ni Paulo.

Fransisko akalia mbele yao wote, tonge mdomoni. Kisha akapokea jembe.

"Anzia juu," Paulo akamwambia. "Huko chini kuna mawe."