Kishale cha Chumba cha Chini

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa programu za kompyuta. Alikuwa akiunda programu ya kusimamia jengo lao, kila chumba na sehemu yake kwenye skrini, inayokunjika na kufichika ukibofya kishale. Mchana mmoja, akiwa peke yake chumba cha chini, akajaribu kukunja sehemu ya chumba hicho hicho.

Taa zikazimika, hata feni ya kompyuta ikanyamaza. Akapapasa gizani hadi mlangoni, kitasa kikagoma. Akampigia simu mwenzake wa ofisini.

"Kaka, njoo unifungulie, nimekwama!"

"Mbona niko hapa mlangoni, dada? Nimebisha hodi."

"Sijasikia kitu."



"Lakini umeniitikia. Umesema nisubiri, nyie wawili bado mnaongea."