Ujumbe Uliokwenda Bukundi

Nyanjige alikuwa ameshatoka getini, baiskeli inateremkia barabara ya Maswa, daftari la wateja limefungwa kwenye keria kwa mpira, mama yake alipopiga kelele.

"Nyanjige! Rudi! Leo huna safari."

Akafunga breki. Huna safari? Jumamosi? Miaka miwili mizima yeye ndiye aliyezunguka Bariadi kuwakumbusha wateja. Mama yake, Evalina, alikuwa na ofisi ndogo ya kukagua na kujaza mitungi ya kuzimia moto. Hoteli, shule na maghala ya pamba waliandikiana naye mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na mwaka ukikaribia kwisha, Nyanjige alitumwa. Akifika alisalimia "Mwangaluka," akaketi, akauliza habari za watoto na ng'ombe, ndipo aseme mkataba unaisha lini. Kwenye ghala la Mzee Masalu hakuondoka bila sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa.

Aliporudi ofisini, kwenye kiti chake cha dirishani alikuwa ameketi Joyceline, binti wa mjomba wake, aliyemaliza mafunzo ya kompyuta huko Maswa.

"Njoo uone, mdogo wangu," Joyceline akasema. "Nimeingiza majina, tarehe na namba za simu zote. Mkataba ukibakiza siku thelathini, mashine inamtumia mteja ujumbe yenyewe. Ukibakiza kumi na nne, tena. Ukibakiza saba, tena."

"Lakini haisalimii," Nyanjige akasema.

"Inasalimia! Soma hapa: Ndugu mteja, habari."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Joyce, sasa wewe ndiye mkono wangu wa kulia."

Hapo ndipo palipouma. Jina hilo lilikuwa la Nyanjige. Tangu siku ile kila kitu cha Joyceline kilimchoma: kucha zake zikigonga kompyuta, kicheko chake, hata kichwa cha samaki, sato, ambacho sasa mama alikiweka kwenye sahani ya mgeni. Shuleni nako rafiki yake Maximiliana hakumhurumia.

"Siku hizi kazi yako nini, Nyanji? Kumpikia kompyuta uji?"

Mwisho wa Aprili, mchana mmoja, Joyceline alitoka kwenda dukani akaacha kompyuta wazi. Nyanjige akaketi. Akamtafuta Mzee Masalu, mteja mkubwa kuliko wote, akafuta namba yake. Mashine ikagoma: ilitaka namba. Nyanjige alijua namba moja tu kwa kichwa, ya bibi yake aliye Bukundi. Akaiandika hiyo.

"Bibi hajui kusoma," alijiambia. "Nani atajua? Mashine ikimsahau Mzee Masalu, mama atanituma mimi."

Lakini mama hakumtuma. Aliamini mashine imeshamkumbusha Mzee Masalu. Kila siku Nyanjige alisema kesho nitasema, na kesho ikifika ulimi unakuwa mzito.

Alhamisi moja ya mwisho wa Mei, bibi mwenyewe akaingia ofisini, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi, simu yake ya kitochi imefungwa kwenye kitambaa.

"Nani anayenifukuza?" akauliza hata kabla ya kuketi.

"Kukufukuza wapi, mayu, mama yangu?" Mama akashangaa.

"Shambani! Mtoto wa jirani alinisomea: mkataba wenu unaisha. Nikanyamaza. Ukaja wa pili, nikakosa usingizi. Ulipokuja wa tatu, siku saba, nikajua mwenye shamba nililokodi ananinyang'anya kabla sijavuna. Nimechuma pamba yote, hata ambayo haijapasuka vizuri!"

Joyceline aliichukua simu, akasoma, akageukia orodha. Uso ukampauka.

"Shangazi, huu ni ujumbe wetu. Wa ghala la Mzee Masalu. Mkataba wake unaisha kesho kutwa." Akaiweka simu mezani. "Nimechanganya namba. Kosa ni langu. Kama unataka nirudi Maswa, nitarudi."

Mama alimtazama kwa hasira. Ndicho Nyanjige alichokitamani mwezi mzima. Sasa kilikuwa mbele yake, na hakikuwa na ladha yoyote. Akaitazama mikono ya bibi, iliyochanwachanwa na vitumba vya pamba.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi. Nilimwonea wivu."

Mama akachukua mtandio wake. "Twende. Utayasema hayo kwa Mzee Masalu kwa mdomo wako."

Akayasema, amesimama katikati ya marobota ya pamba, machozi yakimdondoka. Mzee Masalu alikuna kidevu.

"Nami nikasema Evalina amenichoka. Hata mtoto wangu wa matobolwa haji! Watu wa mitungi kutoka Shinyanga wanakuja kesho kusaini." Akamtazama Nyanjige akijifuta machozi. "Nitawapigia wasije. Leta karatasi zako, Evalina."

Njiani mama alisema, "Nyanjige, mashine haijui ukweli wala uongo. Uliipa uongo, ikaupeleka mara tatu bila kuchoka. Ulitaka kumwangusha dada yako, ukamuumiza bibi yako, ambaye hata hakujua mna ugomvi. Ukiona wivu, njoo uniambie nina wivu. Nitakusikiliza. Ukiuficha, utafanya mambo usiyoweza kuyarudisha."

Mzee Masalu alisaini siku ileile. Bibi alirudi Bukundi. Pamba aliyoichuma mapema ilikataliwa sokoni, na Nyanjige alimaliza likizo ya Juni kule, akimlimia bustani na kumchotea maji. Joyceline alibaki ofisini mwaka mmoja, kisha akafungua ofisi yake Maswa. Mama aliongeza sharti moja: ujumbe wa siku saba ukishatumwa, mtu anakwenda kumsalimia mteja. Jumamosi Nyanjige anapanda baiskeli, na orodha ya kwenda nayo anaichapa mwenyewe, kwa sababu Joyceline alimfundisha. Maximiliana bado anamtania kuhusu uji wa kompyuta.