Fungua Turubai la Mbele

Bwana Clifford Masinde aliingia karakana yetu ya Amalemba akiwa mwekundu. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wa 1996, na jua lilikuwa kali. Nyusi zake zilikuwa nyekundu. Masikio yalikuwa mekundu. Hata meno yalikuwa na vumbi.

Mume wangu, Shitanda, alikuwa kwenye cherehani. Mimi nilikuwa chini nikitoboa turubai na kutia pete za shaba. Hiyo ndiyo kazi yetu. Tunashona maturubai ya pikapu, ya mahema, na ya kuanikia mahindi.

"Fundi, turubai lako linakula vumbi!" Bwana Clifford alipiga kelele.

"Mulembe kwanza," mume wangu akamsalimia.

"Mulembe ya nini? Niangalie! Nimekuwa tofali!"

Nilitaka kucheka, nikauma midomo. Alikuwa ametoka Navakholo kumchukua mama mkwe wake. Dereva alikuwa kwenye usukani, na mama mkwe akapewa kiti cha mbele. Kwetu mwanamume hakai bega kwa bega na mama mkwe. Kwa hivyo Bwana Clifford alipanda nyuma ya pikapu yake mwenyewe, chini ya turubai tulilomshonea.

"Ulifunga pazia la mbele?" mume wangu aliuliza.

"Nilifunga, vumbi lisiingie. Nyuma nikaacha wazi nipate hewa."

"Basi ulilifungia vumbi ndani. Sikiliza. Gari likienda, linaacha pengo nyuma yake. Hewa inakimbia kujaza lile pengo, na inabeba vumbi. Kama umefunga mbele, hakuna upepo wa kulitoa. Linapanda ndani, linakaa na wewe. Siku nyingine fungua mbele. Upepo uingie mbele, utokee nyuma."

Jumapili iliyofuata Bwana Clifford alirudi Navakholo. Alifungua pazia la mbele. Akapita kwetu jioni akiwa safi kama bwana arusi.

Wewe unayesoma, kumbuka vumbi hilo. Tutalirudia.

Bwana Clifford ana shamba upande wa Malinya. Alikuwa amezuia kijito, akapata bwawa kubwa. Kando yake akajenga hoteli ndogo. Mwezi wa tatu akaleta boti ya kutembeza watu, yenye injini ya petroli. Watu wakitoka kutazama fahali wakipigana, wanateremka bwawani kunywa soda na kuzungushwa majini.

Alituita tufunge paa la turubai juu ya boti. Mume wangu alisimamisha mabomba kwanza, akayakaza. Akatupa turubai juu na kulinganisha mstari wa katikati. Akavuta mbele, akavuta nyuma, halafu kando. Vifungo aliviweka mwisho. Alilikaza kama ngozi ya ngoma, na katikati akaliinua ili maji ya mvua yateremke. Turubai likilegea, linafanya kidimbwi, na kidimbwi kinavunja mabomba.

Binti yetu Awinja alipata kazi ya kuendesha boti hiyo kila Jumapili. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mikono isiyotetemeka. Usukani ulikuwa mbele. Alivalisha kila mtu jaketi la kuokolea, hata wazee waliokataa.

"Mimi najua kuogelea tangu mkoloni," mzee mmoja alimwambia.

"Maji hayakujui, guga," akamjibu kama anavyomwita babu yake. "Vaa."

Halafu mvua za mwezi wa nne zikaanza. Mnaijua mvua ya Kakamega. Asubuhi jua, saa nane mbingu zinapasuka. Abiria wakalalamika kwamba viatu vyao vizuri vya kanisani vinalowa. Bwana Clifford akatuita tena.

"Nishonee mapazia ya kando na ya mbele. Mbele weka nailoni ya kuonea. Nyuma acha wazi, hewa iingie."

Tukashona. Yalipendeza. Hakuna tone lililoingia.

Jumapili ya kwanza ya mvua, Awinja alirudi nyumbani ameshika kichwa.

"Mama, kinagonga kama nyundo."

Nilimpa dawa ya malaria. Jumatatu alikuwa mzima. Jumapili iliyofuata haikunyesha, na hakuumwa. Nikasema, dawa imefanya kazi.

Jumapili ya tatu ilinyesha tangu mchana mpaka jioni. Awinja alirudi akitapika. Alilala na viatu. Asubuhi jirani mmoja akaniuliza kwenye bomba la maji, kwa sauti ya asali, "Binti yako anatapikanga? Tangu lini?"

"Wewe tumbo lako linakuhusu. La mtoto wangu unaliulizia nini?" nilimjibu, nikabeba mtungi wangu. Lakini moyoni nilikuwa na hofu.

Nilienda kwa jirani mwingine, Sista Jepchirchir, ambaye ni muuguzi. Alimpima Awinja damu. Malaria hakuna. Mimba hakuna.

"Anaumwa siku gani, mama Awinja?"

"Jumapili."

"Kila Jumapili?"

Nilifikiri. "Hapana. Jumapili ya mvua peke yake."

Sista aliandika hilo kwenye kadi. Akasema atakuja kwetu kuongea na mume wangu. Lakini zamu za hospitali zilimshika, na Jumapili ikafika mbele yake. Nilimwambia Awinja asiende. Akaenda. "Nikikosa, Bwana Clifford ataweka mtu mwingine," alisema.

Ilinyesha. Jioni niliteremka bwawani kumchukua na mwavuli. Boti ikafika gatini. Abiria wakashuka wakijishika vichwa. Mama mmoja alisema, "Mimi nimelewa soda leo!" Wakacheka.

Awinja alizima injini. Akasimama. Alianguka mbele ya macho yangu, kichwa juu ya usukani.

Nilipiga nduru. Wanaume wawili walimtoa nje, wakamlaza kwenye nyasi, mvuani. Alifungua macho pale hewani. Hakujua ni siku gani. Tulimkimbiza hospitali, akawekewa hewa safi ya mtungi puani usiku mzima. Nilishika mguu wake mpaka asubuhi. Niliogopa nikiuachilia atakwenda.

Sista Jepchirchir alitukuta hapo, mimi na mume wangu.

"Hii ni sumu ya moshi wa injini," alisema.

"Lakini hatukuona moshi," nikasema. "Wala harufu."

"Ndiyo ubaya wake. Katika moshi wa petroli kuna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ni ileile ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Hujasikia familia wamelala na jiko wasiamke? Inaanza na kichwa kuuma. Halafu kizunguzungu, kutapika, usingizi. Mtu akisikia hivyo, azime injini, atoke nje kwenye hewa, apelekwe hospitali. Akiulalia usingizi huo ndani ya hiyo hewa, hataamka."

"Mbona abiria hawakuanguka?" nikamuuliza.

"Wao wanazunguka mara moja wanashuka. Huyu anakaa ndani mpaka jioni."

Mume wangu alitikisa kichwa. "Lakini sista, nyuma ni wazi! Hewa inaingia nyuma."

Niliposikia maneno hayo, nilimwona Bwana Clifford mbele yangu na nyusi zake nyekundu.

"Baba Awinja," nikasema. "Vumbi."

"Vumbi gani?"

"La Navakholo. Mbele imefungwa, nyuma iko wazi. Na injini iko wapi?"

Mume wangu alikaa chini polepole, kama mtu aliyepigwa. "Nyuma," akasema.

Jumatatu hiyohiyo tulikwenda kwa Bwana Clifford. Tulimweleza. Alitusikiliza akichokonoa meno.

"Msichana wenu hakula vizuri. Lakini kama nyuma ndiyo shida, ni rahisi. Fungeni na nyuma. Wekeni zipu."

"Sista alisema hata kufunga pande zote hakusaidii," nilimwambia. "Sumu inapenya kwenye nafasi ndogo, halafu haitoki. Injini ikiwaka, watu wanataka upepo wa kupita."

"Na mvua je? Wateja wanalowa."

"Walowe."

"Mama, wewe ulisomea moshi wapi? Darasa la saba?"

"Darasa la saba nilisomea kusoma. Kupumua nilianza kabla ya shule. Sishoni hiyo zipu."

"Kuna mafundi wengine."

"Wako. Lakini kila fundi utakayemwita nitamfuata mpaka mlangoni kwake, nimwambie."

Njiani mume wangu alisema, "Mama Awinja, si tumtoe tu binti yetu? Mambo ya boti tumwachie mwenyewe."

"Tukimtoa wetu, kiti kitakaliwa na mtoto wa nani?" nilimuuliza.

Jumapili ya mwisho ya likizo, watoto wa kanisa letu walipangiwa kuzungushwa bwawani. Awinja alikuwa bado nyumbani, amedhoofika. Bwana Clifford alisema ataendesha mwenyewe. Nilivaa buti zangu, nikaenda.

Nilikuta watoto wamekwisha panda, wameketi kwa mistari na jaketi zao, wakiimba. Mama zao walisimama gatini chini ya miavuli. Mawingu yalikuwa meusi. Tone la kwanza likaanguka. Bwana Clifford akateremsha pazia la kando, akateremsha la mbele, akabonyeza vifungo.

Nikaingia botini, nikafungua kifungo cha kwanza. Kikalia *ta!* Nikafungua cha pili.

"Mama Awinja, shuka!"

"Sishuki."

"Hii boti ni yako?"

"Boti ni yako. Watoto ni wetu."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waje na madaktari pia."

Mama mmoja gatini aliniambia, "Mama Awinja, acha fujo, watoto watalowa. Nyuma si ni wazi?"

Niligeuka, nikaongea na wote. "Nauliza swali moja tu, halafu nitanyamaza. Bwana Clifford, mwezi wa pili ulitoka Navakholo ukiwa mwekundu kama tofali. Pazia la mbele lilikuwa limefungwa au halikufungwa?"

Aliendelea kubonyeza vifungo.

"Mama mkwe wako alikaa kwa dereva, akafika safi. Wewe ulikaa chini ya turubai. Vumbi lilitoka upande gani?"

"Upande wa nyuma!" sauti ya dereva wake ikajibu kutoka gatini. Watu wakaangua kicheko. Kila mtu pale amewahi kupanda pikapu ya turubai kwenye barabara ya udongo mwekundu wa murram. Kila mtu amekula vumbi hilo.

Mimi sikucheka. "Vumbi linaonekana. Unalikung'uta, unaoga, linaisha. Moshi wa injini hii hauonekani, na hauoshwi ukatoka. Unapita palepale vumbi lilipopita. Mtoto wangu alianguka kwenye usukani huu. Wa kwenu ni wadogo kuliko yeye."

Kicheko kikaisha. Yule mama aliyesema niache fujo alifunga mwavuli wake. Akainama, akamshika mtoto wake mkono. "Shuka, Zeituni." Mwingine akafuata. Walishuka wote, mmoja mmoja, mvuani, mpaka boti ikabaki na mimi na Bwana Clifford.

"Umeniharibia Jumapili," alisema.

"Jumapili peke yake? Una bahati."

Alitazama gatini. Akatazama bwawa. Halafu, bila kunitazama, alifungua vifungo vilivyobaki, akakunja turubai la mbele juu mpaka kwenye paa, akalifunga kwa kamba. Akakunja na ya kando. Upepo ukapita kutoka mbele mpaka nyuma, baridi, ukapeperusha kitambaa changu.

"Haya," alisema. "Sasa wapande?"

"Sasa wapande."

Walizunguka, wakalowa, wakapiga kelele za furaha. Hakuna aliyeumwa kichwa.

Jumatatu mume wangu aliondoa pazia la mbele kabisa. Paa alilirefusha kwa mbele kama kofia. Mapazia ya kando aliyatia mikanda ya kukunjia juu. Yanateremshwa tu boti ikiwa imefungwa gatini na injini imezimwa. Mvua ikizidi, boti inarudi gatini. Turubai la kufunika boti usiku tulilishona peke yake, lenye matundu ya kupumulia ili ndani kusioze. Nalo likiwa juu, hakuna kuwasha injini, hata kwa kujaribu.

Mimi nikashona maneno kwenye paa, kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kama mkono: INJINI IKIWAKA, MBELE WAZI.

Bwana Clifford alikuja kuyatazama. "Haya maneno yanafukuza wateja. Yafumue."

Nilimwekea makasi mkononi. "Fumua wewe."

Alisimama nayo muda mrefu. Akayarudisha mezani, akaenda zake. Maneno yako pale mpaka leo.

Wengine wananiita mama wa matata. Nawaambia, niiteni hivyo kwa sauti, binti yangu asikie. Anasikia. Yuko hai. Na nyinyi mnaolala na jiko, na nyinyi mnaowasha gari ndani ya banda lililofungwa, nawaambia yaleyale.

Awinja alipopona alirudi kwenye usukani wake. Juzi nilikuwa gatini mvua ilipoanza. Mwanamke mmoja aliyevaa viatu vyeupe vya visigino alimwambia, "We msichana, si uteremshe hata kitambaa huku mbele? Viatu vyangu vinaharibika!"

Awinja hakugeuka. Mikono ilikuwa kwenye usukani, na mvua ilikuwa usoni mwake.

"Viatu vitakauka, mama," alisema. "Kaa chini."