Ulimi wa Biniou ya Enora

Saa nne na robo asubuhi, Enora Kerdoncuff alifungua kasha la biniou yake, ile zumari ya mfuko, akakuta ulimi wa mwanzi unaoipa sauti umetoweka. Fainali ya mashindano ya wapigaji wawili wawili ilikuwa saa nane mchana, nyuma ya kanisa. Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameshika nafasi ya pili.

Akaitwa Maivon Quéméner, sajenti mstaafu aliyekuwa akiuza chapati za ngano nyeusi hapo jirani. Maivon alifuta mikono, akachunguza. Mfuko wa ngozi haukuwa na mkwaruzo. Filimbi ya biniou, pale ulimi unapochomekwa, ilikuwa imezungushiwa uzi upya, taratibu, kama mtu anayefunga kidonda.

Watu walimtaja Goulven, mshindani wa Enora, aliyeonekana mlangoni pa chumba chake saa nne kasorobo. Hakukana. Alisema alikuja kumtakia Enora heri, kisha akatoa ulimi wake wa akiba. "Chukua, dada. Nikimshinda bubu, nitajisifu kwa lipi?"

Tudual, mwenzi wa Enora aliyepiga zumari ya mdomo sambamba na biniou yake kwa miaka kumi na minane, alikuwa pembeni akiloweka chapati kwenye maziwa. Alidakia kwamba ulimi huo hautaingia. Hakuwa hata ameutazama.

Maivon alimwomba Tudual apige zumari yake kidogo, wausikie pamoja na biniou. Tudual akasema anatunza pumzi.

"Chapati yangu ni laini, Tudual. Mbona unailoweka?"

Tudual alifunika bakuli kwa kiganja.

"Mwizi wetu anaipenda biniou hii. Adui angepasua mfuko. Fungua mdomo, ndugu yangu."

Meno mawili ya mbele yalikuwa ya bandia, yakicheza. Tudual alikaa chini, akatoa kwenye mfuko wa koti lake ulimi uliofungwa kwa pamba. Alieleza kwamba alianguka ngazini mwezi uliopita. Kila akibana zumari, meno yanateleza. Kuyavua mbele ya watu aliona haya. Afadhali, aliwaza, waseme tuliibiwa.

Enora alilia kwanza, kisha akakasirika. "Uliniibia ili usichekwe? Yavue. Midomo unayo. Biniou haipumziki, wewe unajua. Ukishindwa, acha, nitabeba zamu yako."

Saa nane walipanda jukwaani. Tudual alipiga kwa ufizi, vipande vifupi, vikali. Kila alipokatika, biniou ilidaka wimbo na kuupandisha juu zaidi, naye akarudi kuujibu. Wazee waliacha bilauri zao, wakashikana vidole wakaanza kucheza.

Jina la Enora lilitangazwa katika nafasi ya kwanza. Goulven alikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi. Tudual akageukia umati wote, akacheka, pengo lote nje.