Kuku wa Siwema na Maji ya Mtaroni

Haya, sogeeni karibu. Huyu ni Siwema. Nyumba yao ni ya mwisho mtaani, kule chini bondeni, pembeni mwa mtaro.

Siwema ana kuku. Anaitwa Madoa. Madoa anaatamia mayai jikoni, ndani ya karai kuukuu lenye majani makavu.

"Mama, vifaranga watatoka lini?"

"Karibu tu, mwanangu."

Mchana mmoja, mawingu yakatanda. Ta, ta, ta! Kisha, chwaaaa! Mvua hiyo!

Kule juu, milango ikafunguka. Mtaa huu nao! Mvua ikinyesha tu, kila mtu mbio na ndoo ya taka.

"Mwaga, mwaga, maji yabebe!
Mwaga, mwaga, yaende zake!"

Chupa, chubwi! Vifuu vya nazi, chubwi! Bi Hidaya wa nyumba ya juu akamwaga ndoo nzima.

Hata Siwema akatupa maganda ya ndizi. Chubwi! Akacheka. Raha iliyoje!

Maji yakabeba kweli. Yakabeba mpaka chini ya daraja dogo, mbele ya nyumba ya Siwema. Hapo taka zikakwama. Maji nayo yakakosa pa kupita.

Basi, maji hayapigi hodi. Yakaingia uani. Yakaingia jikoni. Yakafika kwenye karai la Madoa.

"Koo! Koo! Koo!" Madoa akapiga kelele. Lakini hakuyaacha mayai yake.

"Mama, mayai yatalowa!" Siwema akalia. Aliogopa sana.

Mama akanyanyua karai, na Madoa wake humo humo. Akaliweka juu ya meza. Lakini maji yakazidi kupanda.

Siwema akachungulia nje. Akaona chupa. Akaona vifuu. Akaona maganda ya ndizi.

"Mama! Yale maganda yangu! Maji yametuletea sisi!"

"Usiingie majini," Mama akasema. "Ita watu, mwanangu!"

Siwema akasimama barazani. Akaita kwa nguvu zake zote.

"Bi Hidayaaa! Taka zako ziko kwetu!"

Bi Hidaya akaja na reki. Akashika mdomo. "Jamani! Kumbe zinaishia hapa?"

Majirani wakaja na majembe. Vuta! Vuta tena! Gulu, gulu, guluuu! Mtaro ukazibuka. Maji yakatoka jikoni.

Na mayai je? Makavu kabisa! Hazikupita siku nyingi, chiu, chiu, chiu! Vifaranga hao! Siwema akarukaruka kwa furaha.

Majirani wakaweka pipa kubwa la taka pale juu.

Jioni moja mvua ikarudi. Bi Hidaya akatoka na ndoo, moja kwa moja mtaroni. Mazoea hayo!

"Bi Hidayaaa!" watoto wakaita.

"Yalaa! Nimesahau, wajukuu zangu!" Akacheka, akageuka. Na watoto wakaimba:

"Beba, beba, tia pipani!
Maji yapite, yasije ndani!"

Usiku, Siwema akajilaza kitandani. Nje, mtaro ulikuwa ukiimba. Chwaa, chwaa, chwaa.

"Pita tu, maji," Siwema akanong'ona. "Usiwaamshe vifaranga."

Maji yakapita zake. Na Siwema akalala.